Alizaliwa nao, au ulimtokea baadaye?

Hotuba kwa wauguzi wakunga, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Tanga

Ndugu mwenyekiti, wakunga na wauguzi, matabibu wenzangu, na ninyi wahudumu wa jamii mliotoka nyumbani alfajiri huko Lushoto, Pangani na Mkinga: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu shikamooni. Itifaki imezingatiwa. Naomba nianze na mgonjwa.

Miaka kadhaa iliyopita waliingia kliniki yangu ya ngozi mama kijana, bibi yake mtoto, na mtoto mwenyewe wa miezi mitatu na ushei, amefungwa kwenye kanga. Mama alikaa, akainamisha kichwa, hakusema neno. Bibi ndiye aliyefungua kanga. Paja la kushoto la mtoto lilikuwa limevimba upande mmoja, ngozi imevutika mpaka inang'aa, rangi yake zambarau iliyoiva, na mishipa imejichora juu yake kama mizizi. Nikagusa. Chini ya ngozi palikuwa pagumu kama kokwa la embe, na pa moto kuliko sehemu nyingine za mwili.

Nikauliza, umeanza lini? Mama akajibu, "Muda tu, dokta."

Nikaomba kadi ya kliniki. Uzito wa kuzaliwa upo, kilo 3.1. BCG amepata, polio amepata. Palipotakiwa kuelezwa hali ya mtoto pameandikwa neno moja: "Mzima." Wiki ya sita, uzito na chanjo. Wiki ya kumi, uzito na chanjo. Hakuna popote palipotajwa paja. Na barua ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja: hemanjioma, aanzishiwe propranololi.

Chanjo za wiki ya sita na ya kumi tunachoma wapi? Pajani. Huyu mtoto alikuwa amevuliwa nguo mbele ya mhudumu mara mbili, mapaja yote mawili yakapigwa sindano, na uvimbe ukaonekana kwa macho. Simwambii mtu yeyote kwamba alikuwa mzembe. Mama aliuliza, akajibiwa kwa upole kabisa kuwa ni alama ya kuzaliwa, itapotea yenyewe. Jibu hilo mara nyingi ni la kweli, na ndiyo maana hutoka haraka mdomoni.

Bibi akaniangalia, akasema: "Mwanangu, huyu kazaliwa nao. Nilimpokea mimi kwa mikono yangu. Ulikuwa kama ndimu, tena si ndimu kubwa."

Nikamuuliza, bibi, una hakika?

Hakujibu. Akashika uzi mweusi uliokuwa umefungwa kwenye lile paja. Mnaujua, ule wanaofungwa watoto kwa ajili ya jicho la watu. Akaniambia: "Siku ya arobaini nilifunga fundo hapa. Baada ya mwezi ukawa unambana, nikafungua, nikafunga hapa. Juzi umekataa kabisa, nimeunga kipande." Tukaukata uzi kwa mkasi, maana ulishaanza kuingia kwenye nyama, tukaunyoosha juu ya meza. Nikachukua futi. Mpaka fundo la kwanza, sentimita 21. Mpaka la pili, 24. Na kile kipande cha kuungwa kilifikisha 28. Nikapima paja la kulia, lile lisilo na kitu: 20.

Nilikuwa na kadi na barua visivyonieleza kitu, na uzi wa bibi ulionieleza karibu kila kitu. Nimekuja leo kuwaeleza kwa nini ule uzi ulikuwa kipimo kikubwa kuliko vyote tulivyofanya wiki ile.

Tuanze na hemanjioma, kwa sababu ndilo jina linalobandikwa kila uvimbe mwekundu wa mtoto mchanga. Hemanjioma ya kawaida ya watoto ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Ulaya na Marekani, walikohesabu, huwapata watoto wanne au watano katika kila 100, na hupenda zaidi njiti na watoto wa kike. Sasa sikilizeni tabia yake. Siku ya kuzaliwa haupo, au upo kama kivuli tu: doa lililopauka, au michirizi myembamba ambayo mkunga mwenye macho makali ndiye ataiona. Wiki mbili tatu baadaye unaanza kuinuka. Kati ya wiki ya tano na ya saba unakimbia kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, na ukifika mwezi wa tatu umekwisha fanya sehemu kubwa ya kukua kwake. Halafu unatulia, na baada ya mwaka wa kwanza unaanza kusinyaa polepole, miaka kadhaa, mpaka unalainika na kufifia.

Kwa hiyo hemanjioma ya kawaida haizaliwi ikiwa imekamilika. Mtoto akitoka tumboni na uvimbe uliokwisha jaa, wa kushikika, wa ndimu au wa chungwa, huo ni mwingine. Huenda ni wa heri, huenda ni wa shari, lakini si ule.

Madaktari nao walichelewa kulielewa hili. Kwa karne nyingi kila kitu chekundu kwenye ngozi ya mtoto kiliitwa jina moja. Mwaka 1982 pale Boston, John Mulliken na Julie Glowacki walitenganisha mambo mawili: uvimbe ambao chembe zake zinazaliana na kuongezeka, na mishipa iliyoumbika vibaya tu, ambayo hukua na mtoto kama anavyokua mkono wake. Walitumia darubini, lakini walitumia pia historia: ulikuwepo lini, ukakua vipi. Na mwaka 1996 ndipo ukaelezwa vizuri uvimbe wa mishipa ambao mtoto huzaliwa nao ukiwa umeshamaliza kukua tumboni, kisha akiwa nje unaanza kuyeyuka, na kwa kawaida kabla ya miezi 14 umekwisha, umeacha ngozi iliyolegea kama puto lililotoka upepo. Miaka michache baadaye akaelezwa ndugu yake, ambaye huzaliwa hivyo hivyo lakini hasinyai. Anabaki, anakua na mtoto kwa kadiri, wala haondoki bila upasuaji.

Mwaka 2000 Paula North na wenzake wakaonyesha kwamba hemanjioma ya kawaida ina protini iitwayo GLUT1, na hawa wawili wa kuzaliwa hawana. Ni kipimo kizuri sana, ila si kila maabara yetu inacho. Swali la "alizaliwa nao?" kila zahanati inalo, na linatenganisha makundi hayo hayo.

Kwa nini tujali? Kwa sababu dawa ni tofauti. Mnaikumbuka propranololi, dawa ya presha na moyo. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Christine Léauté-Labrèze, walimpa mtoto aliyekuwa na hemanjioma puani, kwa sababu moyo wake ulikuwa umepata shida. Siku iliyofuata hemanjioma ikawa imebadilika rangi na kulainika. Waliandika mwaka 2008, na matibabu ya hemanjioma yakabadilika duniani kote. Leo, hemanjioma iliyo karibu na jicho, mdomoni, puani, au iliyochanika na kutoa kidonda, tunataka tuione mtoto akiwa na wiki nne hivi, kabla ile mbio haijaanza. Na mtoto wa propranololi lazima anyonye kwanza, na asipewe akiwa anatapika au amegoma kunyonya, kwa sababu sukari inaweza kushuka.

Lakini propranololi haiufanyi chochote uvimbe uliozaliwa ukiwa umejaa. Ukimwandikia mtoto mwenye saratani ya paja dawa ya hemanjioma, umempa saratani miezi sita ya kukua huku kila mtu akiwa na moyo mtulivu.

Turudi kwenye uzi wa bibi. Alizaliwa na ndimu, kwa hiyo si hemanjioma ya kawaida. Je, ni ule unaoyeyuka? Huo ungekuwa umeanza kupungua, lakini mafundo yanasema unaongezeka. Je, ni ule unaobaki na kukua na mtoto kwa kadiri? Paja la kushoto limeongezeka sentimita saba kati ya siku ya arobaini na siku ile waliyokuja, na halijawa paja, limekuwa uvimbe. Hapo nikaacha kalamu, nikapiga simu kwa daktari wa upasuaji wa watoto.

Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kwa uchunguzi kilipotoka kwenye maabara kilikuwa fibrosakoma ya watoto wachanga. Ni saratani ya nyama laini, adimu sana, na sehemu kubwa ya watoto wenye nayo huzaliwa nayo au huipata kabla ya mwaka mmoja. Hupenda mikono na miguu. Kwa sababu ina mishipa mingi na rangi ya zambarau, hufanana mno na hemanjioma, na vitabu vimejaa watoto waliotibiwa hivyo kwa miezi. Mwaka 1998 watafiti wa Vancouver, Kanada, waligundua chanzo chake: kipande cha kromosomu ya 12 na kipande cha kromosomu ya 15 hubadilishana mahali ndani ya chembe moja, jeni mbili zikaungana, na huo muungano unaiamrisha chembe izaliane bila kusimama. Novemba 2018 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo larotrektinibu, inayozima amri hiyo. Sisi tulitumia za zamani, vinkristini na aktinomaisini, uvimbe ukapungua, kisha daktari wa upasuaji akautoa na mguu ukabaki. Hii ni saratani ambayo hutambaa mbali mara chache, na watoto zaidi ya wanane katika kila kumi hupona. Ila inataka ijulikane mapema, ili mtoto abaki na mguu wake.

Mtanisamehe nikikaa kidogo kwenye jambo la rangi. Nilisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichoanza mwaka 1992, na walimu wetu walitufundisha kwa wagonjwa wetu wenyewe. Lakini ukifungua vitabu vingi, picha ni za ngozi nyeupe. Vinasema "mwekundu kama stroberi". Mtoto wetu hana wekundu huo. Kwake utaona kahawia iliyoiva, zambarau, au weusi wenye ubuluu, na uvimbe wa ndani kabisa hautaonyesha rangi yoyote, ni kilima tu. Msingoje wekundu. Tumieni mkono. Weka mgongo wa kiganja: ni wa moto? Bonyeza: unabonyea kama embe bivu na kujaa tena, au umekaa kama jiwe? Sukuma: unateleza juu ya msuli, au umeshikana nao? Tega kidole: unadunda? Mtoto anakunja uso ukigusa? Uvimbe mgumu, ulioshikana na vilivyo chini yake, uliozaliwa naye au unaokua haraka, huo hauna kusubiri. Huo ni rufaa.

Na sasa uvimbe ambao hausubiri hata kesho. Mwaka 1940 huko New York, Haig Kasabach na Katharine Merritt walieleza mtoto mchanga mwenye uvimbe mkubwa wa mishipa na madoa ya damu kuvia mwilini, chembe zake za kugandisha damu zikiwa zimekwisha. Kwa zaidi ya miaka 50 ilidhaniwa ni hemanjioma ya kawaida iliyozidi. Mwaka 1997 ikaonyeshwa kuwa si hiyo. Ni uvimbe wa aina nyingine, hemanjioendothelioma kaposiformu, na ndugu yake mdogo. Jina hilo linawatisha wazazi, kwa sababu wakisikia "kaposi" wanakumbuka saratani iliyokuja na Ukimwi. Waambieni wazi kwamba havihusiani. Jina limetokana na sura yake kwenye darubini tu.

Utaujua hivi: uvimbe uliokuwa umetulia unabadilika ndani ya siku moja au mbili. Unakaza, unapanda joto, unakuwa mweusi wa zambarau, unauma, na pembeni yake ngozi imevia damu. Mtoto amepauka viganjani na kwenye midomo. Kitovu kinavuja damu, au tundu la sindano limekataa kukauka. Uvimbe ule unazimeza chembe za kugandisha damu. Omba FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, tazama PLT, yaani idadi ya chembe hizo. Usichome sindano kwenye uvimbe wala karibu yake, usiukate, na usiharakishe kumwongezea chembe hizo kama havuji damu, kwa sababu zinaweza kuingia mle mle na kuuvimbisha zaidi. Mpeleke hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, ukiwa umepiga simu kwanza. Kuna dawa zinazofanya kazi, sirolimusi, vinkristini na dawa za jamii ya steroidi, lakini zote zinamtaka mtoto afike akiwa hai.

Yapo maeneo ambayo sitaki mtu aguse kwa sindano wala wembe, hata uvimbe uwe mdogo kama punje ya mahindi. Ni mstari wa katikati: kutoka juu ya kichwa, katikati ya paji, kwenye mzizi wa pua, nyuma ya shingo, na kushuka mgongoni mpaka juu ya makalio. Huko ndiko mwili ulikojifunga ukiwa tumboni, na usipojifunga vizuri, kinachoonekana kama kijipu kinaweza kuwa na njia inayoingia ndani kwenye ubongo au uti wa mgongo. Mwache mtoto alie, utazame: ukivimba anapolia, ujue una mawasiliano na ndani. Uvimbe wa kichwani wenye duara la nywele nyeusi nzito kuuzunguka, kishimo puani chenye unywele mmoja, shungi la nywele au donge la mafuta kiunoni, hivi vyote vinataka picha ya ndani kwanza, na daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Nimewahi kupokea mtoto aliyetumbuliwa "jipu" la puani, na kilichotoka kilikuwa maji ya ubongo. Sitasema ilikuwa wapi. Aliyefanya alikuwa anataka kumsaidia.

Vinundu vingi, haswa vya buluu, vilivyotapakaa mwilini tangu kuzaliwa: hapo acha kutazama ngozi peke yake, shika tumbo. Ini limekua? Kuna uvimbe ubavuni? Mojawapo ya magonjwa yanayokuja hivi ni neuroblastoma, saratani inayoanzia mara nyingi kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ina jambo ambalo nililiona mara moja na sitalisahau. Nilisugua kinundu kimoja kwa kidole, taratibu, kikapauka, na pembeni yake pakatokea duara lenye weupe. Likakaa hivyo kwa zaidi ya nusu saa, kwa sababu uvimbe ule unatoa kemikali zinazobana mishipa ya damu. Na la ajabu zaidi, kwa baadhi ya watoto wachanga wenye aina hiyo, iliyosambaa kwenye ngozi na ini, saratani yenyewe hurudi nyuma na kutoweka. Haina maana tuiache. Tunamfuatilia kwa ukaribu, tukijua kuna tumaini kubwa.

Vinundu vigumu vya rangi ya mwili, kimoja au vingi, vinaweza kuwa miofibroma. Kikiwa kimoja kwenye ngozi huwa hakina shida na mara nyingi hujiondokea, lakini vikiwa vingi inabidi tutafute kwenye mapafu na matumbo. Baka jeusi kubwa la kuzaliwa, lenye nywele, linalofunika mgongo kama vazi, si saratani. Hatari ya kugeuka saratani ni ndogo kuliko watu wanavyohofia, lakini ipo, na mtoto huyo aonwe na daktari wa ngozi kila mara.

Na yale madoa ya buluu ya kiunoni na makalioni, bapa, yasiyo na uvimbe, ambayo karibu kila mtoto wetu huzaliwa nayo? Hayo ni ya kawaida. Msiwatie mama zetu wasiwasi.

Nikisema mama zetu, namkumbuka yule aliyeinamisha kichwa. Baadaye, siku ya tatu wodini, ndipo aliponiambia. Aliambiwa na majirani kwamba alijikuna paja usiku wa kupatwa kwa mwezi akiwa mjamzito, ndiyo maana. Miezi mitatu aliibeba hiyo peke yake, na ndiyo iliyomfanya amfunike mtoto kwenye kanga mchana wa jua la Tanga. Nilikaa kitandani kwake nikamweleza: mabadiliko haya hutokea ndani ya chembe moja, mtoto akiwa anaumbika, bila mtu yeyote kufanya kosa. Hukurithisha, hukula kitu, hukujikuna. Alilia sana. Naomba ninyi mseme maneno hayo siku ya kwanza, palepale kwenye kitanda cha kujifungulia, kabla jirani hajafika.

Sasa, nataka muandike nini?

Mna futi ya kupimia mzunguko wa kichwa. Ikitoka kichwani, ipeleke kwenye uvimbe. Andika tarehe, andika mahali, andika urefu kwa upana kwa sentimita, andika rangi na ugumu. Mstari mmoja tu: "Siku ya 1, paja la kushoto mbele, 4 kwa 3, zambarau, mgumu." Kama kadi haina nafasi, andika pembeni, andika nyuma, bandika karatasi. Kama hakuna uvimbe, andika pia: "Ngozi yote imetazamwa, hakuna uvimbe." Hiyo nayo ni dhahabu, kwa sababu mtoto akija na uvimbe wiki ya nne, nitajua ulimtokea. Mtazame mwili mzima, mbele na nyuma, mikunjo yote, kichwani chini ya nywele. Halafu kila anapokuja kwa chanjo, wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, pima tena. Wiki ya sita imeangukia katikati kabisa ya ile mbio ya hemanjioma. Hatukupangiwa hivyo kwa ajili ya ngozi, lakini tuitumie.

Piga picha kwa simu kama mama ameridhia. Karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, futi iwe ndani ya picha. Mtumie daktari unayempa rufaa, yeye peke yake. Si kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, wala la familia.

Kuna mkunga mmoja, sitamtaja kwa kuwa ni mnyenyekevu na angekasirika, aliyempokea mtoto wa kike mwenye donge kwenye panda la uso. Kubwa, zambarau, pembeni lina duara lililopauka. Familia ilitaka likatwe wiki ile ile, na alipatikana mtu aliyekuwa tayari kulikata. Mkunga alikuwa ameandika kwa penseli kwenye kadi: siku ya 1, 6 kwa 5. Siku ya 14, 6 kwa 5. Wiki ya 4, 5 kwa 4 na nusu, katikati panalegea. Aliponiletea ile kadi sikuhitaji zaidi ya ultrasaundi. Ni ule unaozaliwa umejaa na kuyeyuka. Ungekatwa, mtoto angeweza kupoteza damu nyingi mezani, maana mishipa yake ni mipana mno. Alipotimiza mwaka palibaki ngozi laini iliyokunjamana kidogo, na nywele za mbele zinaifunika.

Kwa matabibu mnaochukua vinyama: fomalini ya asilimia 10, na iwe mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Si maji, si dripu, si spiriti. Kinyama kilichowekwa kwenye maji kimeoza kabla hakijafika maabara, na mtoto atakatwa tena kwa ajili ya chupa. Na kwenye fomu msiandike "uvimbe" mkaishia hapo. Anayesoma darubini hamwoni mtoto. Mwambieni umri, mahali, na lile swali letu: alizaliwa nao, au ulimtokea baadaye. Fibrosakoma na miofibroma hufanana kwenye kioo, na umri na historia ndivyo vinavyomwongoza.

Yule mtoto wa paja sasa anasoma darasa la pili. Ana kovu refu, na paja hilo ni jembamba kidogo kuliko jingine. Mwaka jana bibi yake alimleta kliniki, akaniuliza kama bado ninao ule uzi. Nikamwambia ninao, aliniachia mwenyewe siku ya upasuaji. Nikamwomba ruhusa ya kuja nao hapa, akasema nije nao, ila nisiufungue mafundo.

Huu hapa, kwenye mfuko huu wa plastiki. Fundo la kwanza ni hili lililo karibu na ncha iliyochomwa kwa kibiriti. La pili limelegea kidogo. Pale uzi unapobadilika kuwa wa kahawia ndipo alipounga kipande. Naomba upite safu kwa safu, kila mmoja aupime kwa futi yake, kisha urudi kwangu.